Anza na ukurasa, mwandishi atafuata

Wadogo zangu wa ajira mpya mliopangiwa kufundisha fasihi ya Kiingereza, niwasimulie kipindi changu cha kwanza kabisa, maana nadhani wengi wenu mmeshakiandaa kama nilivyokiandaa mimi. Niliingia kidato cha tatu na vipande viwili vya chaki na andalio la somo lililopigwa mistari kwa rula. Nikaandika ubaoni: William Shakespeare. Alizaliwa 1564, Stratford-upon-Avon. Alikufa 1616. Aliandika tamthilia 37 na soneti 154. Wakanakili dakika arobaini bila hata kukohoa, nami nikatoka kifua mbele. Wiki iliyofuata nikatoa zoezi, na kijana mmoja akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, kwamba Shakespeare alizaliwa, akafa, kisha akaandika tamthilia 37.

Nilicheka mpaka ofisi nzima ya walimu ikataka kujua kulikoni. Nilipolirudia lile daftari nikaona mtoto hakukosea. Alifuata mpangilio wa ubao wangu. Nilikuwa nimewasomea wasifu wa marehemu, na hata mstari mmoja wa alichokiandika hawakuuona.

Sasa naingia mwaka wa kumi na nne, na kila kitabu nakianzia kwenye ukurasa. Ukurasa mmoja tu, fotokopi moja kwa watoto watatu. Jina la mwandishi liko juu, basi. Mji wake, malkia wake na mwaka aliozaliwa vinasubiri mpaka darasa lenyewe liulize.

Chukua ile soneti ya 18, shairi fupi la Shakespeare. Mara ya kwanza niliipeleka darasani nikiwa Dodoma, mwezi Oktoba. Anayeijua Dodoma ya Oktoba anajua: upepo wa vumbi, midomo imepasuka, ndoo zimepanga foleni bombani tangu alfajiri. Mshairi anaanza kwa kumuuliza mpenzi wake kama amlinganishe na siku ya "summer". Kamusi inasema hilo ni kiangazi. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, anamsifu au anamtukana?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Kwa binti yule kiangazi ni msimu wa kuhesabu madebe ya mahindi yaliyobaki ndani. Mtu akikufananisha na kiangazi, unamaliza mazungumzo unaondoka. Kamusi haikudanganya, ila mimi nilikuwa nimetafsiri neno nikaiacha hali ya hewa huko huko Uingereza. Ikabidi nirudi kuifuata. Nikawaeleza kwamba mwezi Juni jua la London huzama saa tatu usiku na ushee, na Desemba ikifika, saa kumi jioni limeshazama, watu wanatoka makazini gizani. Wakaguna. Saa tatu usiku kuna jua? Watu wanalala saa ngapi? Kuku je? Dakika kumi nzima zilikwenda kwenye jua hilo, na sijutii hata moja, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba "summer" ya mtu aliyekaa miezi kwenye giza na baridi ni sawa na mvua ya kwanza ya kwetu.

Nikawauliza: basi nyie mngemlinganisha na nini? Mvua ya kwanza. Embe dodo. Kivuli cha mbuyu. Mmoja akasema umeme usiokatika. Niliviandika vyote, tukavipitisha kimoja kimoja kwenye kipimo cha mshairi mwenyewe: je, kinadumu? Mvua ya kwanza ni siku moja. Embe linaoza. Umeme, hapo darasa zima likacheka. Na hicho ndicho Shakespeare anacholalamikia. Summer ni nzuri lakini muda wake ni mfupi, kama nyumba ya kupanga, na upepo wa Mei unavitikisa vichipukizi kabla havijafunguka. Kinachobaki ni kumweka mpenzi ndani ya shairi, ili kila anayelisoma amrudishie uhai. Watoto waliufikia mshororo wa mwisho kabla yangu.

Umbo la soneti nalo msilifundishe kana kwamba watoto hawa hawajawahi kuona shairi. Wamehesabu vina na mizani kwa mwalimu wa Kiswahili mpaka vidole vikauma. Waambie mishororo ni 14, mizani 10 badala ya 16 waliyoizoea, kina cha kati hakuna, vina vya mwisho vinapishana, na mishororo miwili ya kufungia ina kina kimoja. Hiyo ni kazi ya dakika tano. Kigumu ni mkazo, kwa sababu sisi tumezoea mkazo unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, na wa Kiingereza unahamahama. Huo ufundisheni kwa kupiga meza. Maelezo hayasaidii, niliyajaribu.

Kitu cha pili kilichonifunza kazi ni hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Caesar, katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Vitabu vya mwongozo vitawaambia mfundishe kejeli kwa kuandika maana yake ubaoni, wanafunzi wakariri. Hawa ni watoto waliokulia kwenye vijembe! Wameona mama akinunua kanga akachagua jina kwanza na rangi baadaye, kwa sababu kuna jirani atakayesoma. Wamesikia taarabu ikipasha mtu bila kumtaja. Halafu tunawafundisha kejeli kama vile ni madini yanayochimbwa Ulaya.

Antony ameruhusiwa kuzungumza kwa masharti kwamba asiwalaumu waliomuua Caesar. Basi anasema kitu kizuri alichofanya marehemu, kisha anamalizia kwamba Brutus, mmoja wa wauaji hao, anasema vingine, na Brutus ni mtu "honourable". Tena, na tena. Kijana niliyempa kusoma mara ya kwanza alisoma kama tangazo la kuzima maji. Nikamwambia: neno hilo kwetu ni mheshimiwa. Sasa lisome kama shangazi yako anavyomsema jirani aliyemkopa sufuria akarudisha na tundu. Akatulia, akavuta pumzi. Alipofika "honourable" ya pili darasa likaitikia eeeh! Ya tatu, wakagonga madawati. Mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani akaja kuuliza kama kuna usalama. Ukizingatia tamthilia yenyewe, raia wa Roma nao pale ndipo wanapoanza kuchemka, kwa hiyo nadhani somo lilikwenda sawa. Neno la kejeli, kwa Kiingereza chake cha mtihani, niliwapa mwishoni, kama lebo ya kitu ambacho tayari wanacho.

Baada ya hapo ndipo nawaletea Nyerere. Tafsiri yake ya tamthilia hiyo ilichapishwa 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, kisha akaipitia upya, na 1969 ikatoka tena kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Hilo jina peke yake ni kipindi kizima. Muulize mwanafunzi: "merchant" ni nani? Atasema mfanyabiashara. Sasa kwa nini Mwalimu hakuandika wafanyabiashara, akaandika mabepari? Mpe kidokezo kwamba Azimio la Arusha ni la 1967, halafu nyamaza. Nimeona mabishano ya hilo neno yakitoka darasani yakaenda mpaka kwenye foleni ya chakula.

Kuna mwenzangu aliwahi kuniuliza kwa nini nahangaika na Waingereza wakati tuna wetu. Nilimkubalia nusu. Anayefundisha Waingereza peke yao anawafanya watoto waamini kwamba vitabu huandikwa mahali penye theluji. Ndiyo maana kabla ya George Orwell na shamba lake la 1945, yaani Animal Farm, nawasomesha Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Wote wawili wamejenga nchi ya kubuni ili waseme jambo kuhusu utawala wa kweli, mmoja kwa wanyama, mwingine kwa Karama aliyesimama kizimbani akisimulia habari za wajumbe waliotumwa wakarudi kuadhibiwa. Mwanafunzi aliyekwisha kukifumbua kile cha Kiswahili anaingia kwenye cha Kiingereza akijua anatafuta nini. Mzigo unaobaki ni lugha tu. Na lugha ikimshinda kabisa, kipo Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967. Asome sura moja kwa Kiswahili jioni, kesho aisome kwa Kiingereza. Sioni aibu yoyote hapo.

Aibu ninayoiona mimi ni vile vijitabu vya muhtasari vinavyouzwa steshenari, ambavyo mwanafunzi anavikariri mpaka anaweza kutaja wahusika, dhamira na mandhari ya kitabu ambacho hajawahi kukishika. Atafaulu, pengine. Lakini Kiingereza chake kitabaki kilekile, kwa sababu lugha inaingia kwa kukutana na neno lilelile mahali kumi tofauti, na muhtasari unampa mahali pamoja. Msigombane navyo, hamtavishinda. Fanyeni tu maswali ambayo muhtasari haujibu. Badala ya "taja dhamira tatu", uliza kwa nini mtu fulani alinyamaza ukurasa ule.

Kuhusu klabu ya kusoma sina mengi. Dakika ishirini, mara mbili kwa wiki, kimya, na mwalimu naye anasoma, hasahihishi madaftari. Matoleo yaliyorahisishwa ni halali. Mtoto achague mwenyewe, na kipimo ni vidole: akisoma ukurasa akakunja kidole kwa kila neno asilolijua, vikiisha vitano, kitabu hicho kisubiri. Kamusi ibaki mezani. Anayeinuka kila neno hasomi, anatembea. Pasipo na vitabu, Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, ina kazi za zamani kama za Dickens bure, na kwa simu yako tu unaweza kupakua sura moja ukaipeleka ikachapwe.

Nimewahi kufanya kazi shule moja iliyokuwa na vitabu vingi vya msaada, vizuri, vya rangi, vimefungiwa kabatini visichakae. Ufunguo ulikuwa kwa mtu, na mtu alikuwa safarini. Siku kabati lilipofunguliwa tulikuta mchwa wamemaliza rafu mbili za chini.

Hapo nilipo sasa ni bweni, na kitabu kinachoazimwa kuliko vyote ni Oliver Twist, toleo jepesi. Sikukitangaza. Nilisoma kwa sauti ule ukurasa mmoja ambapo mtoto aliyemaliza bakuli lake la uji anainuka, anakwenda kwa mgawaji, anaomba aongezewe. Watoto wanaopanga foleni ya uji kila asubuhi na kikombe cha plastiki mkononi hawahitaji kuelezwa ujasiri wa tendo hilo. Palikuwa kimya. Kisha kijana mmoja wa kidato cha pili akauliza: "Mwalimu, huyu aliyeandika alijuaje?" Sasa ndiyo nikaenda ubaoni. Charles Dickens. 1824, baba yake alifungwa London kwa madeni, na yeye akiwa na miaka 12 akapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu. Waliandika bila kuambiwa waandike.

Kijana huyo alikiazima siku hiyohiyo na kukirudisha baada ya wiki tano, badala ya mbili. Alikuja nacho amekishika mgongoni, akakiweka mezani kifudifudi. Nilipokifungua nikaona kurasa mbili zimegandana. Kwenye safu ya hali ya kitabu nikaandika: doa la uji. Nikageuza daftari, nikamwandika mwenzake aliyekuwa amesimama nyuma yake.