Usichore majani tu, jua yanasema nini

Kuna kijana wa Langoni, hapa kwetu Amu (Lamu), ameanza kufua vyombo vya fedha (silva), kanitumia meseji ati nimpe dizaini zinazouza. Mwanangu, dizaini haiuzi peke yake.

Hoteli moja huku kwetu, sitaitaja, ilinirudishia vibakuli vya chumvi nilivyovifua kwa umbo la kombe (gamba la baharini), meneja akasema mbele ya wafanyakazi wake kuwa hiyo ni kazi ya kuuzia watalii ufukweni. Mpaka leo inaniuma. Manake kule London fundi Nicholas Sprimont alifua vibakuli vya chumvi vya kombe vilivyobebwa na kaa na kamba, mwaka 1742 na 1743, na viko hadi leo kwenye hazina ya wafalme wa Uingereza. Kwa nini kaa? Chumvi yatoka baharini, chombo kinakwambia kilichomo kabla hujaonja. Sasa mtu wa bara anifundishe bahari mimi mtu wa Amu!

Juzi mama mmoja mwenye nyumba Shela kavichukua vibakuli hivyo hivyo, seti nzima, wala hakuomba kupunguziwa. Safari hii nilikaa nikamweleza kila kombe, hiyo ndiyo tofauti.

Kwa hiyo jifunze. Nanasi kwa Wamarekani ni karibu mgeni, liweke kwenye sinia la matunda, usiniletee nanasi kwenye mrashi, mrashi ni waridi kwa sababu ndani mna marashi ya waridi, hilo hata nyanya zetu walijua. Mzabibu kwa Wazungu ni divai tangu enzi za Bacchus wa Warumi, basi mimi siugusi, nimeletewa oda ya majagi ya mizabibu yenye pesa nzuri nikaikataa, na ningekuwa sijui maana yake si ningeyafua huku nasema bismillahi? Tena sisi Waislamu kula na kunywa kwenye chombo cha fedha tumekatazwa, ndo maana kastoma wa vyombo vya meza ni mgeni na lazima ujue majani yanamwambia nini. (Wapo masheikh wasiotaka hata uvifue, hilo kaulize msikitini kwako.)

Na ukweli uanze kwenye fedha yenyewe. Muhuri wa 925 maana yake ni sehemu 925 za fedha kwenye 1000, zilobaki kawaida ni shaba. Reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha zilizoandikwa 1780, ni 833 hivi, ukiziyeyusha hivyo hivyo halafu ukagonga muhuri wa 925 huo ni wizi, hata waridi lako lipendeze vipi.