Kipimo Kinasema Hapana, Maziwa Yanauma: Nimsadiki Nani?

*Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pongwe, Tanga. Mume wangu ni dereva wa lori, anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili tatu. Sindano ya uzazi wa mpango niliacha mwaka jana, na tangu Februari siku zangu zinakuja vizuri, kati ya 28 na 30. Tarehe 3 Juni niliingia siku zangu. Tarehe 16 usiku kondomu ilipasuka. Tulikuwa tumepaka mafuta ya nazi kidogo. Tarehe 18 mchana nilimeza P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo. Tarehe 21 hatukutumia kitu kwa kuwa dawa nilishameza, na kesho yake akaondoka. Tangu tarehe 19 nina kichefuchefu, maziwa yanauma hata nikivaa sidiria, na tarehe 24 niliona matone ya damu. Nimepima mkojo mara nne, mstari mmoja. Mama mkwe ananitazama shingo, anasema mshipa unacheza. Je, nina mimba au sina?*

*Mwenye Hofu, Pongwe*

Marahaba mwanangu. Barua yako ilinifikia tarehe 27 Juni na nilikujibu kwa ufupi usiku uleule kwa simu. Hapa naandika kwa urefu, maana barua za namna hii napokea nyingi, na karibu zote zina kosa lilelile ambalo wewe umelipitia kwa mstari mmoja tu. Nitalifikia.

Ulipokuwa unaandika, hakukuwa na mtu wa kukujibu. Si mimi, si kipimo, si mama mkwe. Mimba haiingii usiku uleule wa tendo. Mbegu za mwanamume huweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku tano zikisubiri yai. Yai lenyewe likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Wakikutana, hicho kilichotungwa husafiri kwenye mrija siku kadhaa, ndipo kikajishike kwenye ukuta wa kizazi, kwa kawaida kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka. Homoni ambayo kipimo cha mkojo huitafuta huanza kumwagwa hapo, kidogo kidogo. Wewe ulianza kupima wiki ileile. Ulikuwa unapiga hodi kwenye nyumba ambayo mpangaji, kama yupo, hajahamia. Mstari mmoja wa siku hizo haukudanganyi, ila haukuambii kitu pia.

Sasa kichefuchefu. Angalia tarehe zako mwenyewe: umemeza P2 tarehe 18, umeanza kuchafukwa na moyo tarehe 19. Hiyo ni dawa inaongea. P2 ni homoni nyingi kwa mkupuo mmoja, na huleta kichefuchefu, maziwa kujaa na kuuma, kichwa, uchovu, hata matone ya damu katikati ya mwezi. Yaani inaiga mimba kitu kwa kitu, na ndiyo maana wanawake wengi waliomeza hukaa wiki tatu wanajitazama kwenye kioo. Kichefuchefu cha mimba yenyewe mara nyingi huanza wiki ya tano au ya sita, tukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwako wiki tano zinatimia tarehe 8 Julai. Matone ya tarehe 24 yanaweza kuwa ya dawa, yanaweza kuwa ya mimba kujishika. Kwa macho hayatofautiani, na anayekwambia anayajua kwa rangi anakuuzia maneno.

Haya, tarehe 21. Mwanangu, P2 si sindano. Haikulindi mbele. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, na ikifanikiwa, yai hilo litatoka baadaye, siku nne tano mbele, pengine zaidi. Sasa ukikutana na mume siku hizo bila kinga, umelisubirisha yai ili likutane na mbegu mpya. Kosa ndilo hilo. Ungetumia kondomu hadi hedhi ije. Na kwa kuwa siku ya 14 ya mzunguko wako iliangukia tarehe 16 yenyewe, huenda yai lilikuwa limeshatoka kabla hujameza, na yai likishatoka P2 haina la kufanya. Kwa hiyo hatari ilipungua, haikuisha.

Kuna kitu ambacho ungekipata asubuhi ya tarehe 17 kama ungekwenda kituo cha afya: kitanzi cha shaba. Kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo, hakuna njia ya dharura inayokishinda, halafu kinabaki kukulinda miaka. Wengi mnakwenda moja kwa moja duka la dawa, na muuza duka hana kitanzi, basi hakitaji. Kwenye vituo vya serikali huduma za uzazi wa mpango ni bure. Siku hiyohiyo ungeulizia na dawa kinga ya VVU, ambayo mwisho wake ni saa 72. Sisemi lolote juu ya mume wako. Namwambia kila anayepasukiwa.

Halafu hayo mafuta ya nazi! Sisi watu wa pwani nazi tunapikia, tunajipaka, tunakandia watoto. Kwenye kondomu ya mpira ni sumu. Mafuta yoyote, ya nazi, ya watoto, ya mgando, hulegeza mpira ndani ya dakika chache. Ukiwa mkavu, ulizia kilainishi cha maji duka la dawa. Na zile kondomu anazoweka mzee kwenye lori, juu ya dashibodi, jua la Segera lote linazipiga, zitupeni.

Tufanye hesabu. Hedhi yako ilitarajiwa kati ya tarehe 1 na 3 Julai, na P2 inaweza kuisogeza mbele au nyuma kwa wiki. Tendo la mwisho bila kinga ni tarehe 21 Juni. Kipimo cha mkojo huaminika siku 21 baada ya tendo, kwa hiyo siku yako ni tarehe 12 Julai. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla ya chai. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa pili ukiwa hafifu lakini umetokea ndani ya muda huo, ni mstari, hesabu una mimba. Uliotokea ukirudi kukitazama kipimo baada ya kufua, achana nao. Na hedhi ikija kabla ya siku hiyo lakini nyepesi isivyo kawaida yako, bado upime.

Usisubiri tarehe yoyote ukipata maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au kizunguzungu cha kuanguka, au maumivu kwenye ncha ya bega pamoja na damu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huanza hivyo, na hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Jambo jingine. Uchovu na kutapika mkoani kwetu jibu la kwanza ni malaria. Mimi mwenyewe, mkunga wa miaka mingi wakati huo, mwaka 1994 nilichoka, nikatapika, nikameza klorokwini dozi nzima na kujikuna usiku kucha. Ilikuwa mimba ya wiki saba, mwanangu wa tatu. Bahati klorokwini haikumdhuru. Basi ukienda kupima malaria mwezi huu, sema kabla hujaandikiwa dawa: huenda nina mimba.

Ukikuta mistari miwili, P2 uliyomeza haimdhuru mtoto, hilo lisikunyime usingizi. Nenda kliniki mapema, uanze vidonge vya foliki asidi. Ukikuta mmoja, nenda kituoni vilevile, ukachague njia isiyotegemea ratiba ya lori. Na wasomaji wengine mnaotumia rifampisini kwa kifua kikuu: dawa hiyo hupunguza nguvu za P2, vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, kwa hiyo mwambieni mhudumu kabla hamjachagua.

Mama mkwe msalimie sana. Mwambie nimejitazama kwenye kioo asubuhi ya leo, na shingo yangu nayo mshipa unacheza. Nina miaka 63.