Akikaa kimya siku tatu, mtafute

Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mbingu ya Goma, mashariki mwa Kongo, ilipogeuka nyekundu, ndipo nilipotambua kwamba sina namba ya simu ya jirani yangu. Tulikuwa tumekaa Majengo miaka sita, ukuta mmoja wa mawe meusi kati yetu. Nilijua saa anayowasha makala yake, yaani makaa, na saa mtoto wake anayoamka kulia. Lakini nilipofika mlangoni kwake nikakuta kufuli, sikuwa na njia ya kumuuliza amekimbilia wapi. Mimi nikashika njia ya Sake. Yeye, nilikuja kusikia baadaye, alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, pamoja na maelfu ya watu wengine, akalala nje, akarudi asubuhi baada ya moto wa volkano ya Nyiragongo kusimama Buhene, karibu kabisa na kiwanja cha ndege.

Alhamisi iliyofuata, tarehe 27, ikatoka amri ya kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Majengo ilikuwamo. Tukarudi njia ile ile ya Sake, kilomita 25 hivi, wengi kwa miguu, magodoro kichwani. Kule, kwenye ua wa kanisa, kijana mmoja wa avenyu yetu alikuwa akichajisha simu za watu kwa paneli ya sola. Kila aliyeleta simu alimwomba namba, na jioni akafungua grupu ya WhatsApp. Tulikuwa watu 11. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa maneno matatu: "Nani yuko wapi?"

Mimi ni fundi cherehani, sikusomea mambo ya mitandao. Ila grupu ile inaendelea mpaka leo, imenipa ndugu ambao sikuzaliwa nao, na mara kwa mara wateja wangu wananiuliza tulifanyaje, kwa maana za kwao zilikufa. Hayo ndiyo nataka kuyaandika, pamoja na pale nilipokosea.

Kwanza, lile swali. Nimewahi kuingizwa kwenye grupu nyingi zilizofunguliwa "ili tubadilishane mawazo". Watu wasiojuana wana mawazo gani ya kubadilishana? Wiki ya kwanza kila mtu anasalimia, wiki ya pili zinaanza picha za maua zenye "asubuhi njema", na kufika mwezi wa tatu hakuna anayefungua. Yetu ilianza na jambo ambalo kila mmoja alilala nalo usiku ule. Huyu anajibu "niko kwa shule, niko na watoto watatu, mmoja si wangu", na yule anasoma anapiga kelele kwa furaha kwa sababu huyo wa tatu ni wake. Baada ya jambo kama hilo hamwezi kuwa wageni tena. Si lazima mlima ulipuke. Bomba la kona linatoa maji saa ngapi? Unga umefika bei gani soko la Virunga? Nani anapanda Ndosho kesho, amsaidie mwenzake mzigo? Ukitaka kufungua grupu, tafuta kwanza swali ambalo watu wako wanaulizana mlangoni, ulianze nalo.

Tuliporudi mjini mwezi wa Juni, wengine wakaingia. Hapo ndipo tulipojifunza kumpokea mtu. Tulikuwa tunamwongeza tu, namba inaonekana, basi. Namba haina uso. Sasa mgeni anaombwa aseme jina, nyumba yake iko mkabala na nini, na mikono yake inajua kazi gani. Hilo la mikono lilipendekezwa na mzee wetu wa kona, na naliona ndilo lenye thamani kuliko yote. Nilikaa mita mia moja na mtu anayetengeneza mashine za kushona, na kwa miaka nilikuwa nabeba yangu mpaka Birere.

Kisha kuna suala la lugha, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wa masomo hawalioni. Mama anayeuza makala kwenye kona yetu hakuwahi kuandika hata neno moja. Alikuwa anatuma odio fupi. Wanaume wawili watatu walikuwa wanaandika Kifaransa kirefu, aya kwa aya, wanajibizana wao kwa wao, na odio za mama zinabaki hapo kama mtu anayebisha hodi bila kufunguliwa. Siku moja akatoka kwenye grupu. Nilimfuata kwa magunia yake nikamuuliza kulikoni. Akaniambia, "Miye nilizani ile grupu iko ya wenye kusoma. Nikiweka odio, hakuna mutu ananijibu."

Niliona haya. Tangu siku ile anayesema kwa sauti anajibiwa kwa sauti, na anayeandika Kifaransa anaombwa aongeze mistari miwili ya Kiswahili chini. Yule mama akarudi, na leo nikikuambia nani anashikilia grupu hii, ni yeye. Anajua nani amejifungua, nani amefiwa, nani amehama usiku kwa deni la nyumba. Anayo njia ya kusema "habari yako, mama, nimeota wewe" hata mtu mgumu anajibu.

Odio zenyewe lakini ziwe fupi. Mega za intaneti zinanunuliwa, na kuna nyumba ambazo pesa ya mega ndiyo pesa ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za jioni. Video nazo ni mzigo. Tulikaa Jumamosi moja baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, kijana wa simu akapita kwa kila mmoja akamfungia ile hali ya kupakua picha na video zenyewe bila kuulizwa. Kazi ya dakika mbili kwa simu moja, na watu saba waliokuwa wanaingia mara moja kwa wiki wakaanza kuingia kila siku. Kumbe hawakuwa wametuchoka, walikuwa wanaogopa kuliwa mega.

Sasa niseme kosa langu kubwa. Siku zile za Sake, matetemeko yalipokuwa hayapumziki, mwanaume mmoja wa avenyu aliweka ujumbe kwamba usiku huo huo ziwa litalipuka na wote wakimbie juu. Ujumbe ulikuwa na mishale miwili, alama ya kwamba umetumwa mikono mingi. Nikamjibu mbele ya wote: "Acha kueneza uongo, unaua watu kwa presha." Niliona nimefanya vema. Wengine wakaniunga mkono, wawili wakamcheka. Akatoka saa hiyo hiyo.

Nilipotulia nilielewa kwamba hofu yake haikuwa ya mjinga. Ziwa Kivu lina gesi nyingi iliyoyeyuka chini, methane na kaboni dioksidi, na mwaka 1986 ziwa Nyos kule Kameruni lilitoa gesi usiku mmoja likaua watu zaidi ya 1,700. Hata viongozi siku zile walitaja hatari ya ziwa walipotuhamisha. Ujumbe wake haukuwa na mwenyewe, kweli, lakini yeye alikuwa baba mwenye watoto, amesoma kitu kibaya, akataka wenzake waokoke. Nilipaswa kumwandikia pembeni: papa, hii umeipata kwa nani? Ilinichukua nusu mwaka. Nilimpigia simu hakushika. Tukaja kukutana kwenye kilio cha shangazi yake. Nikakaa naye nje kwenye viti vya plastiki, nikamwambia nilikosa. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Ile siku ulinisemesha mbele ya batoto bangu." Kweli, watoto wake wawili wakubwa walikuwa kwenye grupu. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Alirudi wiki ile. Na mpaka leo, mtu akiweka habari ya kutisha, mmoja wetu anamfuata faraghani amuulize chanzo, mwingine anatafuta kama Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, OVG, kimesema lolote, na ujumbe ukikosa mwenyewe, aliyeuweka ndiye anayeufuta kwa mkono wake. Heshima yake inabaki.

Pesa sitaiongelea sana. Michango ya kilio, hospitali na kuzaa ndiyo inayoleta watu pamoja, na ndiyo inayowavunja. Wengi wetu tuko kwenye AVEC, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, tunajua lile sanduku la kuweka akiba lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Tukafuata hilo hilo: namba inayopokea mchango ni ya mtu mmoja, orodha anaandika mwingine, wa tatu anakabidhi wafiwa na kurudisha jibu kwenye grupu. Admini si mmoja wao. Kiasi cha kila mtu hakiandikwi, majina tu. Mwenye dola moja asione aibu mbele ya mwenye kumi.

Ila kama ningeambiwa nichague shauri moja tu, ningeyaacha hayo yote nikachukua hili la ukimya.

Papa mmoja, baba anayebeba mizigo kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anakaa peke yake mwisho wa avenyu, familia yake iko Masisi. Hakuwa msemaji. Kazi yake kwenye grupu ilikuwa kuweka kidole gumba chini ya kila habari. Watu kama yeye ni wengi kwenye kila grupu, na watu wanaoandika sana huwa wanawalalamikia kwamba "wanasoma tu". Siku moja mama wa makala akauliza kwa odio: kile kidole cha papa kimepotea wapi? Tukatazama. Siku nne hakuna kidole. Nikamtumia ujumbe, alama moja ya kijivu, haujafika. Tukasema labda simu haina chaji. Mama akakataa, akamtuma mwanawe. Walimkuta kitandani, mguu umevimba kama nguzo. Chukudu ilikuwa imemgeukia kwenye mteremko ikiwa na magunia ya viazi, alijikokota mpaka kwake, simu ikabaki imevunjika barabarani. Alikuwa anakunywa maji ya ndoo. Tulimbeba kwa pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma, na kituo cha afya walisema angechelewa zaidi mguu ungeoza.

Watu 40 tulikuwa kwenye ile grupu, tunaandikiana toka asubuhi, na aligunduliwa na mtu mmoja anayesikiliza.

Tangu hapo tuna zamu. Kila Jumapili jioni mmoja anaweka salamu, halafu usiku anabonyeza ule ujumbe aone umefika kwa nani na umesomwa na nani. Ambaye haujamfikia, anapigiwa. Asiposhika, anatembelewa. Hatumuulizi mtu kwa nini haongei, kusoma tu kunatosha. Na ndiyo maana nawashauri msikubali grupu iwe kubwa kupita zamu yenu. WhatsApp inaruhusu watu 1,024. Nani atapita kwa milango 1,024? Sisi tulipofika 60 tulisimama, na avenyu ya juu ikafungua yake.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipofika mjini, kulikuwa na siku ambazo hapakuwa na mtandao, umeme wala maji. Ujumbe wa kwanza uliopita, mtandao uliporudi, ulikuwa wa yule kijana wa simu. Maneno yale yale matatu. Tulihesabu majibu kwa siku kadhaa. Si yote yaliyokuja, na sitayaandika hapa.

Leo wengine wako Bukavu, wengine Bujumbura, Kampala. Grupu imebadilika. Hatuandiki nani amepita wapi, hatuweki picha za wenye silaha, hatubishani kuhusu nani ana haki. Wako wanaoona ni woga. Mimi naona simu ya jirani yangu inaweza kuangukia mikono yoyote, na neno langu lisimletee balaa. Anayetaka mjadala huo ana mahali pengine. Kilichobaki ni mambo ya nyumba: nani amepata kodi, mtoto ameingia shule gani, sombe, majani ya muhogo, ya kule ina ladha gani. Mama wa makala yuko Bujumbura kwa mkwe wake, na kila asubuhi anatuma odio ya sekunde kumi. Mara nyingi ni ya kuuliza mguu wa papa umeamkaje na baridi ya huku.

Jumapili hii zamu ilikuwa yangu. Nimepitia majina yote, kuna mmoja ambaye ujumbe wangu haujamfikia, na wa Alhamisi pia haukumfikia. Nimempigia mara mbili. Anakaa nyuma ya kanisa, dakika kumi kwa miguu, na bado hakujaingia giza, kwa hiyo naishia hapa niende.