Masaa ya nasari England: tazama tarehe kwanza, umri baadaye

Swali linalonijia kila mara kutoka kwa akina mama wenzangu hapa mjini Reading ni hili: "Mwanangu katimiza miaka mitatu jana, Jumatatu nimpeleke nasari ya bure?" Hapana, dada. Siku ya kuzaliwa haimwingizi mtoto. Inayomwingiza ni siku ya kwanza ya muhula unaofuata baada ya kutimiza umri. Ukilielewa hilo, nusu ya mkanganyiko imekwisha.

Serikali, ambayo ndiyo inayolipia masaa haya ya nasari, inazo tarehe tatu tu za kuanza: Januari 1, Aprili 1 na Septemba 1. Mtoto aliyetimiza miaka mitatu kati ya Septemba 1 na Desemba 31 anaanza Januari. Aliyetimiza kati ya Januari 1 na Machi 31 anaanza Aprili. Wa kati ya Aprili 1 na Agosti 31 anasubiri hadi Septemba. Binti yangu alizaliwa Aprili 3, na mtoto wa jirani yetu Machi 29 ya mwaka huohuo. Wamepishana siku tano tu. Lakini mwenzake alianza na muhula wa Aprili, wetu akasubiri Septemba, na sisi tukaendelea kulipa miezi yote ile. Halafu wote wawili wakaingia Reception, lile darasa la kwanza kabisa la shule, Septemba ileile. Ndiyo kusema aliyezaliwa Oktoba hupata mihula mitano ya haki hii kabla ya shule, wa Februari minne, na wa Mei mitatu tu. Usigombane na mwalimu wa nasari kuhusu hilo. Si yeye aliyepanga.

Sasa, kuna haki kuu za aina mbili, na watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni ya mtoto mwenyewe. Kila mtoto wa miaka mitatu na minne anayeishi England anapata masaa 15 kwa wiki, wiki 38 kwa mwaka. Haijalishi baba anafanya kazi gani, mama yuko nyumbani au wote wawili wanasoma. Huombi popote serikalini. Unakwenda nasari yenye nafasi, au kwa mlezi wa nyumbani aliyesajiliwa na Ofsted (idara ya serikali inayokagua shule na nasari), na cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, mnajaza fomu, basi.

Ya pili ni ya wazazi wanaofanya kazi. Hii ndiyo iliyotangazwa kwenye bajeti ya Machi 2023 ikaja kwa awamu: Aprili 2024 watoto wa miaka miwili wakapata masaa 15, Septemba 2024 ikashuka hadi miezi tisa, na tangu Septemba 2025 ni masaa 30 kuanzia miezi tisa hadi shule. Haya 30 hayaongezwi juu ya yale 15. Ni 30 jumla.

Hapa tarehe zilezile zinarudi. Mtoto wa Machi 29 anafikisha miezi tisa Desemba 29, kwa hiyo Januari 1 yumo. Wa Aprili 3 anafikisha Januari 3 na kusubiri hadi Aprili. Kama unapanga kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, piga hesabu hiyo kabla hujamwambia bosi tarehe ya kurudi.

Kwa haki hii ya pili wazazi wote wawili wanatakiwa wawe kazini, au mmoja kama unalea peke yako. Kila mmoja awe anatarajia kupata, kwa miezi mitatu ijayo, angalau kipato sawa na masaa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara. Aprili 2025 kima hicho kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, yaani kama pauni 195 kwa wiki. Kinabadilika kila Aprili, kwa hiyo angalia cha mwaka wako. Upande wa juu, mzazi mmoja akizidisha pauni 100,000 kwa mwaka familia nzima inakosa, hata kama mwenzake analipwa kidogo. Hilo wengi wetu halitusumbui.

Linalotusumbua ni shifti. Mimi nafanya usiku kwenye nyumba ya wazee, na kuna wiki napewa shifti nne, wiki nyingine moja. Hawaangalii wiki moja moja. Wanaangalia makadirio ya miezi mitatu kwa pamoja, hivyo wiki mbovu inabebwa na wiki nzuri. Likizo ya uzazi na ya ugonjwa zinahesabiwa kama kazi. Aliyejiajiri, tuseme amefungua biashara ya kusuka nywele, mwaka wake wa kwanza haulazimishwi kufikia kiwango hicho cha chini.

Ukikidhi vigezo, unaomba mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, unapewa namba ya tarakimu 11, na hiyo unaipeleka nasari pamoja na namba yako ya bima ya taifa (National Insurance). Namba iwe mkononi kabla muhula haujaanza: mwisho ni Agosti 31, Desemba 31 au Machi 31. Mtoto anaweza kuwa na umri unaotakiwa, wazazi wana kazi, nasari ina nafasi, lakini namba ikatoka tarehe mbili ya mwezi, na muhula mzima ukapita hivihivi. Mimi humwambia kila mtu aombe mwezi mzima kabla, kwa sababu mara nyingine mfumo unaomba vielelezo zaidi na majibu huchukua siku.

Kisha kila baada ya miezi mitatu unathibitisha tena kwamba hali yako haijabadilika. Ni dakika chache kwenye simu, ila usipofanya namba inakufa. Mtoto aliyekwishaanza hupewa muda wa kuvumiliwa, lakini ukibadilisha nasari katikati ya hali hiyo utasumbuka. Weka kengele kwenye simu yako na ya baba yake pia.

Nije kwenye viza, maana ndiko hofu ilipo. Wengi wetu tulioingia kwa viza ya kazi ya afya au ya masomo tuna maandishi yanayosema hatuna ruhusa ya kupata fedha za umma, yaani posho na misaada ya serikali. Nimekutana na dada mmoja aliyemweka mwanawe nyumbani hadi miaka minne akiamini kwamba akigusa masaa ya bure viza itafutwa. Sikiliza: yale masaa 15 ya miaka mitatu na minne ni elimu ya mtoto, hayamo kwenye orodha ya fedha za umma. Mchukue umpeleke. Huvunji sharti lolote.

Masaa 30 ni habari nyingine. Hapo angalau mzazi mmoja lazima awe na haki ya fedha za umma: uraia, ukaazi wa kudumu, au hadhi inayomruhusu. Kama mume ana ukaazi wa kudumu na mke ana viza yenye sharti, mume ndiye aombe, na wote wawe wanafikia kipato. Kama wote wawili mna sharti hilo, hampati, hata mkifanya kazi masaa 60. Naliona si haki, kwa sababu kodi tunakatwa kama wengine, lakini ndivyo ilivyo.

Ila msikate tamaa upesi kwa mtoto wa miaka miwili. Kuna masaa 15 kwa familia za kipato cha chini, na familia zisizo na haki ya fedha za umma zimo. Nje ya London, kipato cha nyumba kisizidi pauni 26,500 kwa mwaka mkiwa na mtoto mmoja, au 30,600 wakiwa wawili na zaidi. Ndani ya London ni 34,500 na 38,600. Akiba isizidi pauni 16,000. Haya yanaombwa kupitia halmashauri ya mji wenu, na ndiyo haki ambayo watu wetu wanaijua kidogo kuliko zote. Tarehe ni zilezile tatu, zikihesabiwa baada ya kutimiza miaka miwili.

Kuhusu neno "bure", punguza shangwe kidogo. Wiki 38 ni wiki za shule. Likizo unalipa, isipokuwa nasari ikubali kuyasambaza mwaka mzima, ambapo 30 hushuka kuwa kama 22 kwa wiki na 15 kuwa kama 11. Nasari za shule nyingi hutoa yale 15 kwa mtindo wa saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, siku tano, jambo ambalo kwa mtu wa shifti ndefu halisaidii sana. Na ankara huja na chakula, nepi, losheni ya jua, "shughuli za ziada". Kanuni inasema malipo hayo ni ya hiari na hayawezi kuwa sharti la kupata nafasi. Uliza kwa upole kabla ya kusaini: "Nikimletea chakula na nepi zake mwenyewe, nitalipa pauni ngapi?" Omba jibu kwa maandishi. Wakikuzungusha, halmashauri ndiyo inayowapa pesa hizo, na inapokea malalamiko.

Yote haya ni ya England peke yake. Ndugu zetu wa Glasgow na Edinburgh wana utaratibu wao: Scotland inatoa masaa 1,140 kwa mwaka kwa kila mtoto wa miaka mitatu na minne, bila kuuliza kama mzazi ana kazi. Wales na Ireland ya Kaskazini nazo zina za kwao, kwa hiyo ukihama usibebe hesabu za hapa. Piga simu halmashauri ya huko kabla hujafunga mizigo.