Programu Imesema "Good", Kompyuta Bado Inaganda

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari huku Wete, Pemba. Kompyuta yangu ya mezani huganda karibu dakika nzima nikifungua faili, kisha huendelea kama hapana kilichotokea. Mara nyengine hujizima na kujiwasha yenyewe. Fundi aliipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya kutazama hali ya diski, ikatoka "Good", akasema basi diski ni nzima, iliyokufa ni madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ninunue nyengine. Mwanangu naye alishusha programu mtandaoni, ikadai imeona makosa 1,247 na inataka dola 30 iyarekebishe. Nimezinakili namba zote za CrystalDiskInfo, nakuletea. Naomba jina la programu moja ya uhakika itakayonambia kilichoharibika.

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Jina la programu hiyo siwezi kukupa kwa sababu haipo, ya bure wala ya kulipia. Lakini jibu la nusu ya tatizo lako unalo tayari, umeliandika kwa mkono wako mwenyewe, na aliyeihukumu madabodi alilipita bila kulisoma.

Tazama mstari unaoanza na C7. Kwenye safu ya mwisho kulia umenakili 1A4. Programu hii, kama hukubadilisha mpangilio wake, huandika safu hiyo kwa hesabu ya kumi na sita ya kompyuta, siyo hii yetu ya kumi. Kwa hesabu yetu 1A4 ni 420. Maana yake, mara 420 data iliyokuwa ikipita baina ya diski na madabodi ilifika imeharibika, ikabidi ipelekwe upya. Mistari ya 05, C5 na C6, ambayo ndiyo hueleza kuwa sehemu za diski yenyewe zimeanza kufa, kwako ni sufuri. Kwa hiyo diski inasoma, ila njia ya kupitishia inachosoma ina hitilafu. Mara nyingi njia hiyo ni waya wa SATA, ule bapa unaotoka nyuma ya diski, au vichwa vyake vimelegea au vimeshika kutu. Data ikirudiwa, Windows husubiri, na wewe unaona mashine imeganda.

Kwa nini basi ikaandika "Good"? Kwa sababu hukumu ile ya rangi hutazama mistari michache tu, khasa 05, C5 na C6, pamoja na mipaka aliyoiweka mtengenezaji wa diski. C7 inaweza kupanda hadi maelfu na kibao kikabaki cha buluu.

Kabla hujagusa chochote, nakili matokeo ya wanafunzi na mitihani yako kwenye fleshi au diski ya nje. Kisha zima, chomoa umeme, badilisha waya wa SATA kwa mpya, na uuchomeke kwenye tundu jengine la madabodi. Namba ya C7 hairudi nyuma hata siku moja, basi usiingoje ishuke. Andika 1A4 na tarehe, tumia mashine wiki nzima, halafu tazama tena. Ikibaki 1A4, umemaliza. Ikipanda, hapo ndipo tundu la madabodi na umeme unaoingia kwenye diski vinapostahili kushukiwa, na hata hapo diski ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta nyengine.

Sasa niseme linaloniudhi, kwa sababu naliona kila wiki: mtu anakuja na picha ya kibao cha "Good" akiamini amepewa cheti. Mpime mgonjwa kwa salamu. Ukimwuliza hujambo, atakujibu sijambo, kisha ndipo aseme kichwa kinampasuka na usiku hakulala. Programu za diski zinafanya hivyo hivyo, zinaiuliza diski hali yake na kutuletea jibu lake. Kama diski haikujihisi, au imekufa upande usiokuwa na kipimo, jibu ni sijambo. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja zilizokuwa zikifanya kazi kwenye kompyuta zao. Katika zilizokufa, zaidi ya nusu hazikuwa zimeonesha chochote kwenye ishara nne wanazozitegemea zaidi, na zaidi ya theluthi hazikuonesha kasoro kwenye kipimo chochote, ukiacha joto. Kwa hiyo kibao kikisema mbaya, kiamini na ukimbilie kopi. Kikisema nzima, hakijakwambia kitu cha kukulaza usingizi. Na wenye SSD, zile diski mpya zisizozunguka, wanaofurahia "100%" wajue kwamba asilimia ile huhesabu umri wa kuandikiwa uliobaki. SSD yenye asilimia 98 inaweza kufa asubuhi moja bila kuaga.

Nije kwenye kujizima. Hilo ni jambo la pili, usilichanganye na la kwanza. Mafundi wengi hufungua kumbukumbu za matukio za Windows, wakakuonesha mstari mwekundu ulioandikwa Kernel-Power 41, wakasema pawa saplai, kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme, imeungua. Tukio namba 41 linasema kitu kimoja tu: mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika mtaani, 41 inaandikwa. Mtoto akichomoa waya, 41 inaandikwa. Weka daftari kando ya kompyuta, andika saa inapojizima na kama taa za nyumbani zilipepesa au friji ilikuwa inajiwasha wakati ule. Huku visiwani umeme kupanda na kushuka hatuhitaji kusimuliana, na daftari la siku kumi litakueleza mengi kuliko kumbukumbu za Windows.

Wako pia wanaofungua HWiNFO, programu ya kuonesha vipimo vya kompyuta, au nyengine ya aina hiyo, wakasoma "12V" imeandikwa 8 na kitu, wakakuuzia pawa saplai papo hapo. Kompyuta inayopata volti 8 kwenye njia ya 12 haiwaki ikakuonesha namba hiyo. Kilichotokea ni kwamba programu imekisia vibaya namna ya kusoma kipimo cha madabodi ile. Volti hupimwa kwa multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, mashine ikiwa inafanya kazi nzito, na kwenye njia ya 12 inatakiwa iwe baina ya 11.4 na 12.6. Fundi asiyekuwa na multimita hana haki ya kuihukumu pawa saplai.

Ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ndiyo sehemu ambayo programu ya kupima inafaa kweli, ikitumiwa kwa subira. Weka Memtest86+ kwenye fleshi, washa kompyuta kupitia fleshi hiyo ili Windows isiwepo kabisa, na uiache usiku kucha. Kosa moja ni kosa. Hakuna ramu yenye makosa machache yanayovumilika. Lakini kosa likitoka usikimbilie dukani. Wete mnaishi na upepo wa bahari, na ukiichomoa ramu ukaiweka chini ya taa, mara nyingi utaona meno yake ya dhahabu yamepoteza mng'ao, pengine na madoa ya kijani kwenye ncha. Yafute kwa kitambaa laini na spiriti, acha yakauke, irudishe mpaka vishikizo vya pembeni vifunge, kisha pima upya. Kama zipo mbili, pima moja moja kwenye tundu lile lile, halafu tundu la pili. Makosa yakiifuata ramu, tupa ramu. Yakibaki kwenye tundu, hapo sasa fundi wako ana la kusema kuhusu madabodi.

Makosa 1,247 ya mwanao yafute pamoja na programu yenyewe, na usitoe hata dola moja. Yale ni mabaki ya mipangilio ya Windows ambayo kila kompyuta iliyotumika inayo, na hayahusiani na kifaa chochote. Biashara hii ya kutisha watu kwa hesabu ya makosa haianzii kwetu. Machi 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba maduka ya Office Depot na kampuni ya Support.com zimekubali kulipa jumla ya dola milioni 35. Wateja walikuwa wakipimiwa kompyuta kwa programu iliyoitwa PC Health Check, na kabla ya kupima waliulizwa maswali manne, kama vile mashine imekuwa nzito au inakwama. FTC ilieleza kwamba jibu moja la ndiyo lilitosha programu itoe ripoti ya dalili za virusi, hata mashine ikiwa safi. Upimaji wenyewe haukuwa na kazi katika majibu. Kama hayo yalifanyika kwenye maduka makubwa ya huko, fikiria programu isiyojulikana mwenyewe, iliyoshushwa usiku kwa bando la mtoto.

Na ujanja mwengine ni wa papa hapa kwetu. Diski nyingi za Seagate huandika namba kubwa mno kwenye mistari ya 01 na 07, mamilioni kwa mamilioni, na hiyo ni kawaida yake kwa namna zinavyohesabu. Nimeshaona wateja wakioneshwa mistari hiyo wakanunua diski mpya, na ile ya zamani ikasafishwa ikauzwa kwa mtu mwengine kwa jina la mtumba mzima.

Lakini hao wanakula pesa yako tu. Ninaowaogopa ni wanaodai kufufua diski. Diski yenye C5 iliyopanda ina sehemu inazoshindwa kuzisoma. Programu za "kutengeneza sekta mbovu" huzilazimisha kuandikwa upya. Diski ikishindwa, inazihamishia kwenye akiba yake, C5 inarudi sufuri na 05 inapanda. Mteja anaoneshwa C5 tu. Kilichokuwa kimeandikwa pale kimeshafutwa, na diski ni mbovu kama ilivyokuwa. Wengine hupiga chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayokata roho: amri hiyo huisomesha diski kila pembe, saa kwa saa, na ikikuta orodha ya mafaili imevunjika inaitengeneza kwa kukata. Baadaye unafungua diski, unakuta folda ya found.000 imejaa vipande vilivyoitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na humo ndimo zilimo picha za harusi na tasnifu ya mtu, hazifunguki.

Basi ikitokea siku moja C5 ikapanda juu ya sufuri, wewe au mwalimu mwenzako yeyote, zima mashine. Usipime tena, usipige Windows upya, usiiache iwake "tuone itafika wapi". Diski itolewe, ichomekwe kwenye kompyuta nzima, na yatolewe kwanza mafaili usiyoweza kuyapata pengine. Ikiwa haifunguki, ddrescue, programu ya uokoaji ya Linux, huinakili nzima nzima kwenye diski nyengine, ikianza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha mbovu mwisho, na uokoaji wote unafanywa kwenye hiyo kopi. Fundi atakayetaka kuanza na chkdsk kabla kopi haijapatikana, chukua diski yako uondoke.