Sprinti ya dizaini kwa timu isiyo na wiki nzima: msikate siku ya watumiaji

Assalaam aleikum. Mwenzetu kauliza: timu yao ni ya watu wanne hapa Unguja, wote wana ajira zao, sasa wiki nzima ya sprinti ya dizaini (kazi ya haraka ya kulichukua tatizo moja mpaka suluhisho lijaribiwe na watumiaji) wataipata wapi?

Si lazima iwe wiki. Utaratibu aliouanzisha Jake Knapp alipokuwa Google ni wa siku 5: Jumatatu kulielewa tatizo, Jumanne kuchora, Jumatano kuamua, Alhamisi kutengeneza mfano wa kujaribia, Ijumaa kuujaribisha kwa watu 5. Huko mtu huacha kazi nyengine zote. Na hiyo Ijumaa kwetu mchana watu wako msikitini.

Sisi tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kuweka hesabu za mwani kwa kina mama wa upande wa Paje. Tulichopunguza ni vikao. Kila mtu alichora kwake usiku, michoro ikatumwa WhatsApp bila majina, kura zikapigwa huko huko. Hapo hampotezi kitu, maana hata kwenye utaratibu wa asili watu huchora kimya, kila mmoja na karatasi yake. Ana kwa ana tulikutana baada ya magharibi, kuchagua swali moja la kujibu na baadaye kuamua. Mwamuzi awe mmoja na ajulikane mapema, la sivyo mtajadili mpaka usiku wa manane. Mfano wenyewe ulikuwa slaidi tu kwenye simu.

Watumiaji ndio msiowakata. Timu zikibanwa huanza kuondoa hapo, na inaniuma, kwa sababu kilichobaki ni maoni yenu wenyewe. Pangeni kwanza siku ya majaribio, kisha mhesabu kurudi nyuma. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, kina mama wako pwani kwenye mashamba yao, kwa hivyo tulisubiri maji mafu, yasipotoka sana. Kaeni na mtu mmoja mmoja. Kwenye kikundi, mkubwa akishasema wengine humfuata. Mpe simu, mwambie aingize mavuno yake, kisha nyamaza umtazame. Sisi tuliweka sehemu ya ukubwa wa shamba, wakawa wanakwama hapo hapo: wao huhesabu kamba wanazofungia mwani. Kikao gani cha ofisini kingetwambia hilo?

Watumiaji wenu ni nani, na hupata nafasi saa ngapi? Jibu hapa, tupange tarehe kuanzia hapo.