Kabla mtoto hajaingia majini, pima

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Singida aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Na mimi nataka kufungua darasa la kuogelea kama lako. Huku kwetu kuna bwawa kubwa, maji ni ya bure." Namjibu hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo.

Anza na maji. Fulana zenye jina lako zitakuja baadaye.

Mimi nilianzia kwenye bwawa la hoteli moja hapa Dodoma, hoteli nzuri tu. Nilikuwa na kisanduku changu cha kupimia. Unazamisha kichupa mpaka maji yafike kwenye kiwiko, mbali na bomba linaloingiza maji, unatia kidonge, unatikisa, kisha unalinganisha rangi ya waridi na kadi. Klorini huru, yaani dawa ya maji ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, nataka iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Asubuhi moja maji hayakubadilika rangi hata kidogo. Klorini ikizidi mno nayo huifuta ile rangi, kwa hiyo nikachanganya na maji ya chupa, nikapima tena. Hakuna kitu. Watoto wameshavaa, wazazi wameshaagiza chipsi. Nikasema leo hatuingii.

Meneja akaja juu, mbele ya wazazi: "Wewe kazi yako ni kufundisha, maji yana mwenyewe. Kwani husikii harufu ya dawa?" Mwezi haukuisha nikaambiwa nitafute pengine.

Linaniuma mpaka leo. Linaniuma zaidi kwa sababu hoja yake haikuwa na miguu. Ile harufu kali inayochoma macho ni ya klorini iliyokwisha kushikana na mkojo na jasho, nguvu yake ya kuua vijidudu imebaki ndogo sana. Bwawa linalotunzwa halinuki hivyo. Isitoshe, jua letu linaila klorini, kwa hiyo kipimo cha asubuhi hakitoshi kwa darasa la saa tisa alasiri. Na pH ikipita 8 klorini hupungua nguvu, utamwaga dawa na pesa zako pamoja.

Nilipo sasa, mwenye bwawa ndiye anayenifuata: "Mwalimu, leo inasoma ngapi?" Daftari la vipimo linaning'inia ukutani, mzazi yeyote analifungua. Darasa limejaa, na baadhi ya waliokula chipsi siku ile wamewaleta watoto wao huku. Sisemi kitu.

Sasa hilo bwawa lako la bure. Ndugu yangu, kisanduku changu hakikusaidii hapo. Kwenye maji baridi yaliyotuama penye konokono kuna hatari ya kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono zaidi jua likiwa kali, saa zile zile watoto wanapokimbilia maji, na hupenya ngozi isiyo hata na mkwaruzo. Mvua nazo zikianza, mikondo inashusha vinyesi vya mifugo na vya watu. Unaweza kupeleka sampuli maabara wakapime E. koli, bakteria wanaoonyesha kuna kinyesi majini, lakini majibu huchukua kama siku nzima, na wewe utakuwa unasoma habari za maji ya jana. Tope nalo linamficha mtoto aliyezama karibu yako kabisa. Bwawa la Mtera sitaki hata kulizungumzia, kule kuna mamba na viboko.

Hata mnaokimbilia Dar likizo, msidanganyike na upana wa bahari. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi unaingia baharini na taka za mji. Subirini siku mbili tatu.

Na wazazi, niwaambie ukweli: mnauliza kama kuna kivuli na soda, hamuulizi kuhusu maji. Ulizeni! Mtoto mwenye tumbo la kuhara abaki nyumbani, hata kama ada imeshalipwa. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa hiyo simu ikae kwenye begi. Mimi nisipoona kifuniko cha tundu la kutolea maji chini kabisa upande wa kina kirefu, haingii mtu, hata awe mtoto wa mkubwa gani.

Kuhusu ada ninayotoza, kijana wangu, nitakujibu inboksi. Wazazi wangu wanasoma hapa.